Nguzo ya Namba Kumi na Moja

Nukulasi, 2 Mei

Mwanangu Etuati,

Mimi mzima, babako mzima, na yule kuku wako mwekundu aliliwa siku ya Pasaka, usiniulize na nani. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Nimechaguliwa Mwenyekiti wa Baraza la Kisiwa. Kura arobaini na moja kwa thelathini na nane. Soma tena kama huamini, maana hata mimi nilimwambia karani azihesabu upya. Shangazi yako, aliyekufundisha kusoma huku amekushika sikio, leo ndiye mwenye muhuri wa kisiwa.

Lakini muhuri ni wa ofisini. Ukumbini ni habari nyingine, na wewe umezaliwa hapa, unajua. Kila ukoo una nguzo yake, na mwanamume wa ukoo ndiye anayekaa ameiegemea. Mwenyekiti ana nguzo ya kwanza, na hakuna anayefungua kinywa kabla yake. Sisi wanawake tuko nyuma yao na vipepeo vyetu, tunafukuza nzi. Mwanamke hana nguzo, kwa hiyo ukumbini hana jina. Unakumbuka nguruwe wangu alipovunja ua akala pulaka za watu, shimo zima la magimbi? Ukumbi ulimtoza nani faini? Babako! Nilisimama nikasema nguruwe ni wangu na kosa ni langu, wakanitazama kama mtu anayeongea usingizini. Miaka ishirini na minane nimefundisha watoto wao, na sijahesabiwa hata kiasi cha kutozwa faini.

Mwezi wa saba Gavana Mkuu anakuja kufungua ukumbi wetu mpya, huu uliojengwa baada ya kimbunga. Na Uelese, makamu wangu, ameshaanza kutangaza pwani nzima: "Kura ni kura, nguzo ni nguzo. Bibi atasaini karatasi zake, mimi nitakaa." Akikaa yeye siku hiyo mbele ya Gavana Mkuu, Etuati, ndiyo amekaa moja kwa moja. Kuanzia kesho yake kila mwenye shida atapita mlangoni kwangu akienda kwake, nami nitabaki mwenyekiti wa kabati la faili. Chifu Kaitu amekataa kusema lolote. Anasema kwanza atasikia serikali inasemaje.

Basi serikali ni wewe. Wewe ndiye unayeandika hiyo Orodha ya Itifaki, nani anamtangulia nani na nani anakaa wapi. Niandikie nguzo, mwanangu. Nguzo yoyote. Nataka jina langu liwe kwenye karatasi yenye taji.

Shangazi yako,
Lisepa Malua


Funafuti, 20 Mei

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimelewa. Hongera! Arobaini na moja! Ningekuwapo ningekubeba mabegani.

Ila mambo ya Orodha, shangazi, si kama unavyodhani. Mimi ni karani tu. Namba moja ni Gavana Mkuu kwa sababu anasimama mahali pa Taji la Uingereza, kisha Waziri Mkuu, kisha wengine wanafuata mmoja mmoja kwa cheo, na Wenyeviti wa visiwa wako chini huko. Na usione ni mchezo. Nimeshuhudia watu wazima wakinuniana mwaka mzima kwa kuwa mmoja alitangulia kupanda gari. Juzi mke wa katibu fulani alirudisha kadi ya chakula cha jioni kwa sababu kiti chake kilielekea chooni.

Mkubwa wangu ameniambia waziwazi kwamba mila za visiwani tusiziguse, kazi yetu ni namba tu. Nikizigusa nitatafuta kazi nyingine, na hapa kazi nyingine ni kupakua mizigo bandarini.

Naomba usikasirike na hili nitakalosema. Kwa nini usimwachie Uelese siku hiyo moja? Siku moja tu. Gavana akishaondoka, wewe unaendelea na kazi yako kama kawaida, na amani inakuwepo.

Mpwa wako akupendaye,
Etuati Ioane


Nukulasi, 4 Juni

Kwa kijana wetu Bwana Etuati Ioane,

Talofa kwa jina la Bwana.

Sina shaka unanikumbuka. Ni mimi niliyekuletea mpira wa miguu nilipotoka kazini Nauru, ule wa ngozi, ukaupoteza mwambani siku ya pili. Sikukudai. Mtoto ni mtoto.

Nimesikia unaandaa karatasi ya ugeni wa Gavana Mkuu. Mimi sina makuu. Naomba maneno matatu tu. Mahali palipoandikwa "Mwenyekiti" ongeza "au makamu wake". Wino kidogo mno, na kisiwa kizima kitalala usingizi.

Shangazi yako ni mama yetu sote, tunamheshimu kupita kiasi, na ni kwa heshima hiyohiyo hatutaki asumbuke kukaa katikati ya wanaume, magoti yenyewe yanamuuma. Babako naye ni mtu mpole. Ingekuwa vibaya wazee wamnyooshee kidole kwa ajili ya dada yake.

Nimekuwekea samaki wakavu kikapuni. Uwale pamoja na marafiki.

Wako katika imani,
Uelese Takape, Makamu Mwenyekiti


Funafuti, 21 Juni

Shangazi, shikamoo.

Meli mbili zimekuja bila barua yako. Nimeelewa. Ile "siku moja tu" niliyoandika imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na sasa naona aibu.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Ya kwanza ni Orodha ya viongozi watakaokaa, watu kumi na mmoja, mbali na wazee wa koo na nguzo zao. Tazama mstari wa mwisho. Nimeandika "Bibi Lisepa Malua, Mwenyekiti wa Baraza la Kisiwa", jina lote, na sikuongeza "au makamu wake". Uelese aliniomba niongeze, na samaki wake nimemrudishia kwa meli hiihii.

Sasa baya. Namba yako ni kumi na moja, ya mwisho, baada ya mkuu wa polisi. Hilo sikuweza kulibadili. Karatasi ya pili ni mchoro wa ukumbi unaoonyesha kila namba na nguzo yake. Gavana Mkuu, namba moja, nimemweka upande wa magharibi, nguzo ya kwanza, panapostahili Taji. Wewe nimekuweka upande wa mashariki kabisa, nguzo ya mwisho, pale karibu na mlango wa jiko. Nisamehe. Niliwaza kwamba mwanamke akikaa karibu na jiko wazee hawatapiga kelele, na nguzo ni nguzo hata ikinuka moshi.

Mchoro nimeuchora kwa kumbukumbu zangu za utotoni, maana ofisi nzima hakuna mwingine aliyewahi kukanyaga Nukulasi. Gavana Mkuu amesaini karatasi zote mbili na muhuri umepigwa. Kapteni, msaidizi wake wa ziara, atakuja na nakala, naye ni mtu ambaye karatasi ikimwambia simama baharini atasimama.

Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Etuati


Nukulasi, 6 Julai

Mwanangu mpenzi,

Nilikuwa nimekununia, ni kweli. "Siku moja tu." Ungekuwa hapa sikio lako lingekuwa jekundu mpaka leo. Lakini umemrudishia Uelese samaki wake, na hilo limenifurahisha kuliko kama ungeniletea mkufu wa dhahabu. Tumesameheana.

Karatasi zako nimezipokea. Nimeutazama mchoro muda mrefu, nimevaa miwani, nimevua, nimevaa tena. Mchoro mzuri sana. Usibadilishe hata nukta. Namba kumi na moja inanitosha na mahali ulipoonyesha panapendeza. Mimi nani hata nimpangie Gavana Mkuu?

Jumatatu niliisoma Orodha mbele ya ukumbi, nikiwa nimesimama pembeni kama kawaida. Nilipofika namba kumi na moja Uelese alicheka hadi akashika mbavu. "Kumi na moja! Jamani, hata mbwa wa polisi angetangulia!" Wazee nao wakacheka. Nikasema, "Kuna karatasi ya pili, ina mchoro wa nani anakaa wapi. Mnataka kuiona?" Uelese akapunga mkono ule wenye saa yake ya Nauru. "Ya nini? Hata kwa wajukuu zangu kumi na moja inakuja baada ya kumi. Mpe Kapteni mchoro wake." Nikauliza mara ya pili, nikauliza na mara ya tatu. Mungu ni shahidi yangu.

Basi kwa raha zake akasimama, akautaka ukumbi uweke azimio. Karatasi ya Gavana ifuatwe jinsi ilivyo, na yeyote atakayemhamisha mtu hata kwa upana wa mkeka mmoja atoe faini ya nguruwe. Wote wakaitikia. Chifu Kaitu akauliza, "Neno la nguruwe ni la nani?" Uelese akajibu, "Ni langu, Chifu." Karani akaandika.

Ninasuka mkeka mpya wa majani ya mkadi. Kama nitakaa chini kwa mara ya kwanza, nitakaa pazuri.

Shangazi yako mtiifu,
Lisepa


Funafuti, 15 Julai

Shangazi!

Nimekwisha. Jana baada ya ibada nimekutana na Lito, yule fundi seremala aliyeujenga ukumbi mpya. Namuuliza habari za kazi, ananiambia kwa majivuno, "Safari hii tumeugeuza. Ule wa zamani jiko lilikuwa mashariki, upepo wote unasukuma moshi ndani, wazee wanahutubia huku wanalia machozi. Sasa jiko liko magharibi na nguzo ya kwanza iko mashariki."

Yaani nilikaa chini palepale, mbele ya kanisa, na suruali yangu nyeupe.

Mchoro wangu uko kinyume wote! Wewe, namba ya mwisho, nimekuweka nguzo ya kwanza ya kisiwa. Na Gavana Mkuu, anayesimama mahali pa Taji, nimemweka mlango wa jikoni pamoja na masufuria! Mimi, karani wa itifaki! Akirudi nitafukuzwa kabla hajavua viatu.

Na wewe uliutazama mchoro. Ulivaa miwani, ukavua, ukavaa tena. Shangazi, ulijua?

Barua hii inasafiri na meli ileile inayomleta Gavana, kwa hiyo itafika pamoja naye na haitanisaidia kitu. Kesho asubuhi nitatuma telegramu. Nitaandika kwa kifupi, bila kutaja kosa lenyewe ni lipi, kwa sababu mwendesha redio wenu ni mkwe wa Uelese. Tafadhali, uelewe.

Etuati


TELEGRAMU. Funafuti, 16 Julai
SHANGAZI MCHORO UMEKOSEWA. USITUMIKE. MWAMBIE KAPTENI. ETUATI

TELEGRAMU. Nukulasi, 17 Julai
MCHORO UMESAINIWA. MUHURI UPO. NENDA KALE. SHANGAZI


Nukulasi, 24 Julai

Mwanangu Etuati,

Kaa chini kwanza, lakini si mbele ya kanisa.

Ndiyo, nilijua. Nilijua mara tu nilipouweka mchoro wako mezani. Nilitaka kukuandikia, nikakumbuka nguruwe wangu na pulaka zile, nikaufunga mdomo. Nilikuficha kwa sababu ungejua ungeurekebisha. Wewe ni karani mwaminifu na mimi nilihitaji kosa lako. Unisamehe kwa usingizi uliokosa.

Sasa sikiliza siku ilivyokwenda.

Uelese alifika kabla ya watu wote. Shati jeupe, shada la maua shingoni, saa inang'aa. Akaenda moja kwa moja hadi nguzo ya kwanza, akatandika, akakaa, akanyoosha mgongo. Wanawake wenzangu nyuma wakaanza kunong'onezana, na mimi nimesimama nje na mkeka wangu kwapani.

Akaingia Kapteni na karatasi yako. Mtu mrefu, hana mzaha. Akautazama mchoro, akatazama jua lilipo, akamfuata Uelese. "Baba, samahani. Hapa ni namba kumi na moja. Wewe ni namba ngapi?"

"Mimi ni Makamu Mwenyekiti!"

"Nimesikia. Namba ngapi?"

"Hii ni nguzo ya kwanza, kijana! Kumi na moja ni kule, mwisho!"

Kapteni akageuza karatasi amwonyeshe. "Mashariki. Bibi Lisepa Malua. Imesainiwa hapa na muhuri huu. Wewe sikuoni popote, baba."

Uelese akapaza sauti kwamba karatasi ina makosa, kwamba mtoto wa Ioane hajui hata kwao. Hapo Chifu Kaitu, ambaye alikuwa kwenye nguzo yake ya katikati kimya tangu asubuhi, akasema bila hata kuinua kichwa, "Uelese. Neno la nguruwe ni la nani?"

Uelese akakunja mkeka wake, na kwa kuwa nguzo nyingine zote zina wenyewe, akasogea nyuma kwa wanawake. Nikaingia mimi. Ulikuwa mwendo wa hatua ishirini na tatu, nilizihesabu, nikipita mbele ya migongo niliyoitazama kwa nyuma maisha yangu yote, na sasa naziona nyuso. Nikatandika mkeka wa mkadi. Nikakaa. Nguzo ni ngumu, mwanangu, inakwangua mgongo, na sijawahi kuegemea kitu kitamu kama kile.

Ndipo akaletwa Gavana Mkuu. Kapteni akamwongoza hadi namba moja, magharibi kabisa, mlango wa jiko. Watu wakashika midomo. Mkono wa kulia ana beseni la fekei ya pulaka na tui, mkono wa kushoto ana kuni, na nyuma yake kina mama wanakuna nazi. Akakaa na nguo zake nyeupe. Mama yako alipomwona amekaa pale, akaona haya, akamchotea fekei kwenye jani.

Kufungua kinywa ni kazi ya nguzo ya kwanza. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa nne, sikukumbuka hata neno. Nikasema tu, "Mheshimiwa, karatasi imekuweka mlangoni, na kisiwa hiki kinaheshimu karatasi. Lakini nguzo hii ninayoiegemea ni yangu, na mtu ana ruhusa ya kumkaribisha mgeni kwenye nguzo yake. Njoo ukae nami."

Etuati, alicheka! Mdomo wake ulikuwa umejaa fekei. Akasema kwa sauti, "Nakuja, Mwenyekiti, lakini huku chakula kinafika mapema!" Akainuka na jani lake mkononi, akatembea urefu wote wa ukumbi, akakaa kulia kwangu kwenye nusu ya mkeka wangu. Wanawake wakapiga vigelegele hadi ndege wakaruka kutoka paani.

Uelese hakuweza kuvumilia. Aliruka juu kama aliyekalia kaa la moto. "Amemhamisha! Mmeona wote! Amehamisha mtu! Azimio ni azimio, nataka faini! Nataka nguruwe!"

Chifu Kaitu akafikiri. Akafikiri sana. Akasema, "Ni kweli. Amemhamisha mtu. Nguruwe mmoja."

Babako, masikini, akainuka kwa mazoea. Ameinuka kwa ajili yangu miaka yote hiyo, hajawahi kulalamika. Akasema, "Chifu, mimi kaka yake nitatoa."

Na Chifu Kaitu akamwambia, "Kaa chini, Ioane. Aliyekosa ana nguzo yake."

Sijui kama unaelewa nilivyosikia moyoni. Nililia. Nililia pale mbele ya Taji na polisi na wanafunzi wangu wa zamani wenye mvi, na sikufuta machozi. Karani akauliza aandike nani, na Chifu akatamka polepole ili asikosee: Lisepa Malua, nguzo ya kwanza, nguruwe mmoja. Uelese alikuwa bado amesimama, kidole bado hewani. Ndipo nikaona uso wake unabadilika, maana ameelewa alichokidai, tena mbele ya kisiwa kizima na mbele ya Gavana Mkuu. Akakaa alipokuwa, nyuma, kati ya wanawake, na dada yangu Nese akampa kipepeo.

Nguruwe nilimtoa palepale, yule dume mkubwa wa madoa, ingawa mdogo angetosha. Tulimla jioni hiyohiyo na tukacheza ngoma yetu ya fatele mpaka mbao za sakafu zikalia. Uelese alikula mapaja mawili. Leo asubuhi amekuja mlangoni kwangu kuomba saini ya tangi lake la maji, ameniita Mwenyekiti, nami nimemwekea saini.

Kuhusu kazi yako, usihofu. Gavana Mkuu aliniuliza ni nani aliyechora mchoro ule. Nikamwambia ni mpwa wangu, ameondoka hapa mdogo, wakati wa ukumbi ule wa moshi. Akasema hajawahi kuhudumiwa upesi hivyo tangu apewe cheo, na kwamba atakuita ofisini akusalimie. Vaa ile suruali nyeupe, kama imetakata.

Nakutumia fekei kwa meli hii, na nakala ya ukurasa ule wa faini yangu katika kitabu cha ukumbi. Utundike ukutani juu ya meza yako, hapo unapoandikia namba za watu. Na mimi nimetundika wa kwangu.

Ni mimi shangazi yako,
Lisepa Malua,
aliyetozwa nguruwe